Jinsi ya Kutofautisha "Stationery" na "Stationary"

Anayefungua duka la madaftari na kalamu jijini Kampala huagiza bango mapema, na mara nyingi herufi moja tu ndiyo inayomponza. Kiingereza kina maneno mawili yanayotamkwa sawasawa: "stationery", yaani vifaa vya kuandikia kama karatasi, bahasha na kalamu, na "stationary", sifa ya kitu kilichosimama mahali pamoja bila kusogea. Sikio halikusaidii hapa, na hata kompyuta inaweza kunyamaza, kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika kamusi.

Tegemea Kiswahili chako. Neno penseli lina herufi e, kwa hiyo jina la vifaa huandikwa kwa e. Neno simama lina a, kwa hiyo sifa ya kilichosimama huandikwa kwa a. Usijikumbushe kwa neno karatasi wala kalamu, maana herufi a zilizojaa humo zitakupotosha. Vilevile, "bakery" na "grocery", ambayo pia ni majina ya biashara, huishia kwa -ery.

Ukisoma katika gazeti kwamba basi limegonga "a stationary trailer", elewa kwamba trela lilikuwa limesimama barabarani. Ukiweka e hapo, unazungumzia trela la karatasi na bahasha. Mwanafunzi wa fizikia naye huandika "stationary wave", kwa a.

Maneno haya yana asili moja, na kwangu hilo ndilo linaloyafanya yakumbukwe. Katika Kilatini cha zama za kati, "stationarius" alikuwa muuzaji mwenye kituo chake, hasa muuza vitabu karibu na chuo kikuu, tofauti na mchuuzi aliyezunguka na bidhaa zake. Jijini London watu wa kazi hiyo waliunda chama chao mwaka 1403, kikapata hati ya kifalme mwaka 1557. Muuzaji aliitwa kwa sababu ya kukaa mahali pamoja, na baadaye bidhaa zake zikaitwa kwa jina lake.

Jambo jingine dogo: katika Kiingereza sanifu "stationery" haina wingi, hivyo usiandike "stationeries" hata kama duka limejaa hadi darini.

Ukipeleka kazi yako Nasser Road, ambako wachapaji wamebanana na kila mmoja ana haraka, omba nakala ya majaribio kabla ya kulipa. Herufi saba za mwanzo, kuanzia s hadi n, ni zilezile katika maneno yote mawili, basi weka kidole kwenye herufi ya nane. Nimewahi kuona bango la bati ambalo e yake ilipakwa juu ya a ya zamani, na rangi yake mpya iling'aa kuliko herufi nyingine zote.