Choo kinagoma? Inua miguu
Wale mnaotumia choo cha kukaa na mnasukuma mpaka jasho, jaribuni hii: weka kigoda kifupi, sentimita 20 hivi, kanyagia miguu yote miwili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele kidogo viwiko juu ya mapaja, halafu pumua tu usijikamue. Kuna msuli umezunguka njia ya haja kubwa unaivuta mbele mpaka inakunja kona, ndo unaokuzuia usijichafue ukiwa umesimama, sasa ukikaa wima ile kona inabakia kiasi lakini ukikaa kama umechuchumaa msuli unalegea njia inanyooka. Muda mzuri ni baada ya kifungua kinywa, tumbo likipokea chakula na utumbo mpana nao unaamka. Ila kama choo chenyewe ni kikavu vipande vipande sababu maji hunywi na mboga huzigusi, au unameza vidonge vya madini ya chuma, kigoda peke yake hakitoshi. Ukiona damu nenda hospitali. Na simu iache nje jamani, kukaa humo nusu saa ni kujitafutia bawasiri.