Jinsi ya kuomba kozi ya Wood Badge Kenya: kutoka barua ya kwanza hadi shanga mbili shingoni

Kila likizo ya Agosti kuna walimu na wazazi wanaofunga mikoba, wakaenda kambini, wakalala kwenye hema na kupika kwa kuni, kisha wakarudi nyumbani na picha tele kwenye simu. Miaka inapita, shingo ni tupu, haina zile shanga mbili anazovishwa kiongozi wa skauti akihitimu kozi ya Wood Badge. Ukiwauliza shanga ziko wapi, wanacheka: "Nilifanya Wood Badge, bado kumalizia tu." Hiyo "kumalizia tu" ndiyo kozi yenyewe. Kambi ni nusu ya safari, tena nusu nyepesi. Nimeandika hatua hizi kwa mpangilio ambao ningetamani mtu anipe mimi kabla sijalipa hata shilingi.

Kundi kwanza, fomu baadaye

Wood Badge ni mafunzo ya mtu mzima anayelea kundi la skauti kwa kujitolea. Huhitaji kuwa mwalimu. Fundi, muuguzi, mzazi, mstaafu, wote wanaingia, mradi kuna watoto unaokutana nao kila wiki. Usipokuwa na kundi utasoma vizuri tu, lakini hutakuwa na pa kufanyia mradi, yaani kazi ya vitendo na kundi lako baada ya kambi, na bila mradi hakuna shanga.

Chama cha Skauti Kenya kina ngazi nne: Sungura wa miaka 6 hadi 10, Chipukizi wa 11 hadi 14, Mwamba wa 15 hadi 17, na Jasiri wa 18 hadi 26. Omba ngazi unayoishika kweli. Sungura unawavuta kwa hadithi na michezo. Mwamba wanataka kupanga safari yao wenyewe na wewe ukae pembeni ukiuma ulimi. Tulikuwa na mwenzetu wa shule ya msingi aliyejaza Mwamba kwa kuwa jina lilimpendeza. Aliporudi kijijini hakuwa na mtoto hata mmoja wa umri huo, ikabidi aazime wa shule ya jirani, na wazee wa shule hiyo wakaanza kuuliza maswali.

Kabla ya lolote, hakikisha mambo mawili. La kwanza, kundi limesajiliwa mwaka huu, si mwaka jana, na jina lako limo kwenye orodha kama kiongozi. La pili, umemaliza kozi ya awali. Hiyo ni ile fupi inayokufundisha ahadi na sheria ya skauti, kikosi ni nini, na kwa nini tunasalimiana kwa mkono wa kushoto. Cheti chake kiweke mahali pakavu, utaulizwa tena na tena.

Cheti cha tabia njema

Anayekaa na watoto wa watu lazima ajulikane. Cheti hiki hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, na maombi yote hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ingia kwenye akaunti yako, chagua huduma za idara hiyo, jaza taarifa zako jinsi zilivyo kwenye kitambulisho, kisha lipa shilingi 1,050 kwa M-Pesa. Hapo utapata ankara na fomu ya alama za vidole, ile inayoitwa C24. Ukishazichapisha, chagua siku na kituo, iwe Huduma Centre iliyo karibu nawe au makao makuu ya idara Nairobi, uende ukiwa na kitambulisho halisi, si nakala.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopotezewa siku nzima. C24 ni karatasi moja yenye pande mbili. Kijana wa saiba aliichapisha kwenye karatasi mbili na mimi sikujua. Nimepanga foleni tangu saa moja asubuhi, nafika dirishani saa nne, afisa anaziangalia, anazirudisha bila hata kuinua kichwa: "Mbele na nyuma, A4 moja." Mwambie kijana wako wa saiba mapema. Chapisha mbili kabisa, wino ukimwagika uwe na akiba.

Jambo jingine dogo: vidole vyote kumi huchukuliwa. Kama ulikuwa unachanganya saruji au kupalilia wiki hiyo, ngozi iliyochubuka haitoi mistari na fomu inaweza kurudishwa. Pumzisha mikono siku chache, paka mafuta usiku, lakini asubuhi ya kwenda nawa yote yaishe. Cheti kikiwa tayari utakipakua palepale kwenye eCitizen. Anza angalau miezi miwili kabla ya kozi.

Wakati unasubiri, fanya kozi ya mtandaoni ya Shirika la Skauti Duniani iitwayo Safe from Harm. Ni bure, na inakufundisha namna ya kumkinga mtoto na madhara: usibaki peke yako na mtoto mahali pasipoonekana, watu wazima wasilale hema moja na watoto, na mtoto akikuambia siri ya kuumizwa usimwahidi kwamba utaificha. Usiipitie kwa kubonyeza "endelea, endelea". Maswali yake yatakurudia kambini, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 haitakuuliza kama ulikuwa na haraka.

Barua

Maombi hayaruki hatua. Yanaanza kwa kamishna wa skauti wa kaunti ndogo, yeye ndiye anayekupendekeza, kisha yanapanda kaunti na makao makuu. Kama kundi lako ni la shule, barua ipitie kwa mwalimu mkuu, naye aigonge muhuri. Usimwandikie kamishna historia ya maisha yako. Anataka kujua una kundi gani, umesoma nini, unaomba nini. Ya kwangu ilikuwa hivi:

*KUH: MAOMBI YA KUHUDHURIA KOZI YA WOOD BADGE, NGAZI YA CHIPUKIZI*

*Mimi ni kiongozi wa kundi la skauti la shule iliyotajwa hapo juu, lenye skauti 24 waliosajiliwa mwaka huu. Nilimaliza kozi ya awali mwezi wa Aprili mwaka jana, na hukutana na kundi kila Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Naomba unipendekeze kwa kozi ya Agosti. Nimeambatisha nakala za kitambulisho, cheti cha kozi ya awali, cheti cha tabia njema na orodha ya usajili wa kundi.*

Basi. Sahihi, tarehe, nambari ya simu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Faili hupotea, muhuri haubishaniwi.

Kamishna akikuita mkaongea, usiogope. Mara nyingi anachotaka kujua ni kama utarudi kwa watoto baada ya kozi au unatafuta cheti cha kuongeza kwenye wasifu wa kazi. Hapo pia ndipo pa kumwuliza swali ambalo wengi hawaliulizi: "Ni nani atakayenisimamia mradi nikirudi?" Mshikilie hapo hapo hadi akupe jina. Msimamizi anayekaa mbali nawe atakuja mara moja, au hatakuja kabisa.

Malipo, afya na mkoba

Ada hutangazwa kwenye barua ya mwaliko pamoja na njia ya kulipia. Lipa kwenye akaunti ya chama tu. Mtu akikutumia nambari yake ya simu na kusema "nitumie mimi nikulipie", mshukuru na usitume. Omba risiti.

Kwenye fomu ya afya sema kweli. Pumu, presha, sukari, mzio wa karanga, yote yaandikwe, na dawa zako ubebe zinazotosha. Kama chakula chako kina masharti ya dini, andika pia. Huko mnapika wenyewe na anayepanga bajeti ya kikosi anahitaji kujua.

Kwa sisi watu wa Pwani, onyo moja. Rowallan, kambi ya chama kule karibu na Jamhuri, Nairobi, ina baridi ya Agosti inayoingia hadi kwenye mifupa. Nililala usiku wa kwanza nimevaa kila nguo niliyokuja nayo, leso ya mke wangu nimejifunga kichwani. Beba sweta mbili, blanketi zito, soksi, tochi, sahani na kikombe cha bati, kisu kidogo, kamba mita tano za kufanyia mafundo, sare kamili, na daftari gumu lisilochanika kwa umande.

Kambini

Hapa sitasema mengi, kutakufundisha kwenyewe. Utawekwa kwenye kikosi cha watu sita hadi wanane na utaishi kama skauti mtoto: kiongozi wa kikosi leo, kesho mpishi, kesho kutwa mchota maji. Asubuhi kuna ukaguzi wa hema. Nilimwona mwalimu mkuu mwenye wanafunzi mia nane akisugua masizi ya sufuria kwa majivu huku akikemewa na kijana wa miaka ishirini na mitatu, na akasema "ndiyo, kiongozi". Utaratibu huu ni wa tangu Septemba 1919, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipoanzisha kozi ya kwanza Gilwell Park, Uingereza: anayetaka kuongoza kikosi aonje kwanza kuongozwa ndani yake.

Ila fanya hili: kila usiku kabla ya kulala, andika nusu ukurasa. Si alichosema mkufunzi, hilo liko kwenye vitini. Andika ni lipi utalifanya na kundi lako, na lini. Kurasa hizo ndizo mbegu ya mradi.

Mradi, mahali watu wanapoishia

Utarudi nyumbani na moto wa kambi bado unanuka kwenye nguo. Jumatatu kuna mitihani, Jumatano kuna msiba, Ijumaa mvua. Mwezi unaisha. Kwa hiyo, ndani ya wiki ya kwanza fanya mambo matatu kabla hujasahau: mpigie msimamizi mpange tarehe ya ziara ya kwanza, soma masharti ya mradi kwenye kitabu cha kozi uone umepewa muda gani, kisha keti na viongozi wa vikosi, watoto wenyewe, mchore ratiba ya muhula.

Hilo la mwisho si pambo. Msimamizi hatafuti kuona wewe ni hodari kiasi gani. Anatafuta kuona watoto wanaamua nini. Faili langu la kwanza lilirudishwa. Lilikuwa safi, limechapwa, lina picha za rangi, na kila ukurasa ulianza na "nili": nilifundisha, nilipanga, niliongoza. Aliandika kwa penseli pembeni, "Watoto walikuwa wapi?" Niliona uchungu siku mbili, kisha nikaanza upya.

Kumbukumbu inayokubalika ni ya kawaida kabisa. Hii ni mojawapo ya zangu za mara ya pili:

*Ijumaa, wiki ya 6. Waliohudhuria 19. Kikosi cha Kipanga kilipanga mchezo wa kufuata alama za njia. Walisahau kuhesabu kurudi, tukachelewa dakika 40 na wazazi wawili walikuja langoni wamekasirika. Baraza la viongozi wa vikosi limeamua kila mchezo uwe na mtunza saa. Wiki ya 7 wamemchagua wenyewe.*

Unaona? Kuna kosa, kuna aliyelirekebisha, na si mimi. Weka kumbukumbu ishirini za namna hiyo na msimamizi ataimaliza faili yako kwa kikombe kimoja cha chai. Ambatisha pia bajeti hata kama ni ya shilingi mia tatu za kamba, barua za ruhusa za wazazi kwa kila safari, na mpango wa usalama wenye jina la zahanati iliyo karibu.

Kuhusu picha: usibandike uso wa mtoto kwenye faili wala kwenye kundi la WhatsApp bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na maandishi ndiyo ushahidi wako. Picha za mikono ikifunga nguzo zinatosha, na mara nyingi zinapendeza zaidi.

Msimamizi akija, usiwapange watoto kama siku ya wageni. Mwache aone kelele. Akiridhika atasaini ripoti. Iambatishe kwenye faili, tengeneza nakala ya kila kitu, na upeleke kwa kamishna yuleyule uliyeanzia kwake. Pata muhuri wa kupokelewa tena. Kimya kikizidi, ulizia kwa adabu kila mwezi, ukitaja tarehe iliyo kwenye muhuri.

Siku ya kuvishwa

Barua ikija, utaambiwa ni wapi. Baadhi ya makundi hupenda kungoja tarehe 22 Februari, skauti wanapokusanyika Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell aliyefariki huko Januari 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njia inayosema "nimekwenda nyumbani". Wengine huvishwa uwanjani mwa shule, mbele ya kundi lao. Mimi nilichagua shule, na sijutii, maana Kipanga walitaka kuona.

Utapewa cheti, skafu ya Gilwell yenye kiraka cha kitambaa cha ukoo wa Maclaren, yule bwana aliyetoa fedha za kununua Gilwell Park, pete ya skafu iliyosukwa kwa ugwe wa ngozi, na shanga mbili. Shanga za kwanza zilitoka kwenye mkufu ambao Baden-Powell alirudi nao kutoka vita vya Zululand mwaka 1888, na inasemekana ulikuwa wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Watoto wakikuuliza zimetoka wapi, waambie na hilo la vita, usiwapambie. Ukiona mtu ana tatu au nne, huyo ni mkufunzi, naye alianza na mbili kama wewe.

Nakala ya cheti iende kwa kamishna, nyingine kwenye faili la shule. Na ule ugwe wa shanga: fundo lake huja limelegea. Likaze siku hiyohiyo na uchome ncha kidogo kwa kiberiti. Shanga yangu moja iliwahi kuangukia kwenye sufuria ya maharagwe ya watu ishirini na nne, na tuliipata kwenye sahani ya mwisho.