Kumsaidia Mtoto Mdogo Kumwandalia Mzazi Zawadi

Kabla ya kutafuta vifaa, mwulize mtoto ni jambo gani humfurahisha au kumsumbua mzazi wake, kisha umpe nafasi ya kufikiri bila kumharakisha, kwa maana hata mtoto wa miaka 4 huweza kukumbuka kwamba baba hutafuta funguo kila asubuhi, na hapo ndipo wazo la kisahani cha udongo cha kuwekea funguo huzaliwa. Mwache akifinyange mwenyewe. Alama za vidole vyake zikibaki ukingoni, nakusihi usizisawazishe, kwani ndizo mzazi atakazozitazama miaka mingi baadaye. Udongo uachwe ukauke siku 2 au 3 ndipo upakwe rangi. Maneno ya kadi itakayoambatana na zawadi yaandike jinsi mtoto anavyoyatamka, bila kuyasahihisha.