Transfoma za redio za zamani: namna ya kuzitambua na kuzitia kwenye ampu ya valvu

Wengi wanaotaka kujenga ampu ya valvu (kikuza sauti kinachotumia zile taa za kioo badala ya transista) huanza na mchoro kutoka kwenye intaneti, kisha wakahangaika kutafuta transfoma zinazolingana na mchoro ule. Hapa Unguja njia hiyo itakuchosha. Transfoma mpya za valvu si kitu cha kwenda Darajani ukakinunua, na kuziagiza ng'ambo ni kulipia uzito wa chuma. Lakini redio za mbao zilizobaki majumbani, na ampu za zamani za skuli na misikiti, bado zinatoka stoo na kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hamu yao ni shaba tu. Kwa hivyo geuza mpango: pata transfoma kwanza, ipime, halafu yenyewe ikwambie inaweza kuendesha ampu gani.

Vifaa si vingi. Mita ya dijitali, transfoma ndogo inayotoa volti 12 za AC (chaja nyingi hutoa DC, hizo hazifai), balbu ya zamani ya waya ya wati 60, daftari na kalamu. Balbu ya LED usiihangaikie, kazi hii haiiwezi.

Na kabla ya yote: ndani ya ampu ya valvu mna volti 300 na zaidi za DC. Kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Zitoe umeme kwa rezista ya omu 10,000 ya wati 5, hakikisha kwa mita, ndiyo utie mkono. Vaa viatu vya mpira, na usipime chochote ukiwa pekupeku juu ya sakafu ya saruji.

Hatua ya 1: Isome redio kabla hujakata waya

Tazama majina ya valvu. Kwa valvu za Ulaya, herufi ya kwanza inasema hita, yaani waya wa ndani unaoipasha valvu moto, inataka nini. E, kama EL84 au ECC83, ni volti 6.3. A ni volti 4, utaikuta kwenye redio za kabla ya Vita vya Pili. U, kama UL84 na UY85, ni hita za miliampea 100 zilizoungwa mfululizo. Redio ya valvu za U kwa kawaida haina transfoma ya umeme ya kutenganisha, na chesisi yake (bati linalobeba vifaa vyote) inaweza kuwa imeungwa na waya wa moto wa ukutani. Hiyo usiiguse ikiwa kwenye plagi. Ing'oe transfoma ya spika (ile ndogo iliyo kati ya valvu na spika), mengine waachie wengine.

Kisha chora. Waya huu unakwenda pini ipi ya valvu ipi, ule unakwenda wapi. Mchoro mbaya wa penseli uliouchora wakati transfoma ingali mahali pake utakuokolea jioni nzima ya kupima. Ukikata, kata mbali na transfoma, ubakishe waya mrefu.

Rangi zinasaidia kwa transfoma za Kimarekani tu, maana wao walikuwa na utaratibu: nyeusi ni praimari (koili inayopokea umeme wa ukutani), nyekundu mbili ni volti kubwa na nyekundu yenye mstari wa njano ni kati yake, njano ni hita ya rektifaya (valvu inayogeuza AC kuwa DC), kijani ni hita za valvu nyingine. Kwenye transfoma ya spika, buluu inakwenda anodi (pini ya valvu inayotoa sauti) na nyekundu inakwenda kwenye umeme mkubwa wa DC. Za Ulaya, kila kiwanda kilikuwa na lake. Na baada ya miaka ya joto na hewa ya chumvi, rangi zote huishia kuwa kahawia, kwa hivyo usiache kupima.

Hatua ya 2: Pima omu

Tafuta kwa mita waya zipi zinaonana (ni ncha za koili moja) na zipi hazionani, uandike jozi zote. Kwa transfoma ya redio ya kawaida ya volti 220, praimari huwa na makumi ya omu, koili ya volti kubwa mia kadhaa, na koili za hita chini ya omu moja. Ikiwa koili ya mia kadhaa ina waya wa katikati, unaweza kukuta upande mmoja omu 195 na mwingine 215. Usiitupe. Koili ya juu imezungushwa kwa duara kubwa zaidi, waya wake ni mrefu zaidi, lakini mizunguko ni ileile na volti zitalingana.

Praimari ya redio za Ulaya mara nyingi ina waya nyingi kwa sababu ya kile kigurudumu cha nyuma cha kuchagua volti: 110, 125, 145, 200, 220, 245. Ncha mbili zenye omu nyingi kuliko zote ndizo za volti ya juu kabisa.

Hatua ya 3: Jua volti zote bila kujihatarisha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo watu wengi wanairuka. Usiunge umeme wa ukutani. Tia zile volti 12 za AC kwenye koili unayodhani ni praimari, kati ya ncha ya mwanzo na ile ya 220 au 245, kisha pima koili nyingine zote. Tuseme umepata volti 27.8 kwenye koili ya omu mia kadhaa, 13.9 kila nusu, 0.35 kwenye koili moja ya hita na 0.28 kwenye nyingine. Umeme wetu ni volti 230, na 230 ukigawa kwa 12 ni 19.2. Zidisha: kiasi cha 267 kila nusu, 6.7, na 5.4. Zikibebeshwa mzigo zitashuka kidogo, kwa hivyo hiyo ni transfoma ya 250-0-250, hita ya 6.3 na hita ya 5 ya rektifaya.

Onyo moja: volti 12 usizitie kamwe kwenye koili yenye chini ya omu 5. Ukizitia kwenye hita, transfoma itafanya kazi kinyume na upande wa pili utakuwa na mamia ya volti.

Ukiwa na chaguo, unga kwenye ncha ya 245 badala ya 220. Umeme ukipanda hadi 240 kwenye ncha ya 220, hita ya 6.3 inafika karibu 6.9, na valvu haziupendi mpaka huo. Transfoma ya Kimarekani ya hezi 60 inapata moto zaidi kwenye hezi 50 zetu. Ile ya volti 117 ningeipa kama 97 hivi, si zaidi.

Hatua ya 4: Inaweza kubeba kiasi gani?

Pima upana wa mguu wa kati wa chuma na unene wa mabati yaliyopangwa. Sentimita 3 kwa 3.5 ni 10.5. Gawa kwa 1.2, zidisha jibu kwa lenyewe: kama voltiampea 75, ndio uwezo wa transfoma. Ni makadirio, lakini yanatosha. EL84 moja kwa volti 250 inakula karibu miliampea 54, na hita yake ampea 0.76. Transfoma ya redio ya mezani ilitengenezwa kwa valvu moja ya namna hiyo pamoja na zile ndogo. Ukitaka stirio, tafuta redio mbili, ujenge ampu mbili za upande mmoja mmoja. Kulazimisha transfoma moja ibebe zote mbili ni kuipika.

Hatua ya 5: Transfoma ya spika

Tia volti 12 za AC kwenye praimari, pima upande wa spika. Ukipata 0.30, uwiano ni 40. Arobaini mara arobaini ni 1,600. Zidisha kwa omu za spika: kwa spika ya omu 3 valvu itaona 4,800, kwa ya omu 4 itaona 6,400. EL84 ikiwa peke yake inataka karibu 5,000, na ECL82 haiko mbali na hapo. UL84 inataka kama 2,400. Kwa hivyo ukibadilisha spika umebadilisha na mzigo wa valvu.

Angalia pia mabati. Kwa valvu moja, mabati ya umbo la E yote yanatazama upande mmoja na I upande mwingine, na kikaratasi katikati. Mwanya ule ndio unaozuia chuma kushiba kwa DC. Kwa valvu mbili za kupokezana (push-pull, moja ikisukuma nyingine ikivuta), mabati yamepishanishwa na praimari ina waya wa katikati. Usizibadilishane.

Zile transfoma za laini ya volti 100 (zinazounga spika nyingi kwenye waya mmoja mrefu) za spika za misikitini nazo ni hazina. Ncha ya wati 1.25 ni omu 8,000, na ya wati 5 ni omu 2,000. Robo ya omu ni nusu ya mizunguko, maana yake ncha ya wati 5 ipo katikati kabisa. Weka umeme mkubwa hapo, EL84 moja kwenye waya wa mwanzo, nyingine kwenye ncha ya wati 1.25, na una transfoma ya kupokezana ya omu 8,000 anodi kwa anodi. Kwa valvu moja haifai, haina mwanya. Besi haitakuwa nzito, ila udi na fidla zinatoka vizuri sana.

Hatua ya 6: Unyevu

Transfoma iliyolala stoo masika kadhaa imekunywa maji. Azima megger (mita ya kupima kama kihami bado ni kizima) ya volti 500, pima kati ya praimari na chuma, na kati ya koili na koili. Chini ya megaomu 2, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 70 saa kadhaa, iache ipoe, pima tena. Isipopanda, wape wa shaba. Iliyojazwa lami usiitie kwenye oveni.

Hatua ya 7: Umeme wa kweli

Fyuzi kwanza, chesisi kwenye ethi, na ile balbu ya wati 60 mfululizo na praimari, sekondari zote (koili zinazotoa umeme) zikiwa wazi, hazijaungwa na kitu. Balbu ikimulika kidogo na kufifia, sawa. Ikiwaka kabisa, mna shoti ndani. Ikipita, toa balbu, iache saa moja, chomoa plagi, ndipo uiguse: vuguvugu ni sawa, ikikuunguza haifai.

Kabla ya kutoboa chesisi, weka transfoma zote mbili juu yake, uwashe ya umeme tu, na uunge hedfoni kwenye upande wa spika wa ile nyingine. Utasikia mvumo. Izungushe na kuisogeza polepole mpaka mvumo upotee au ubaki kidogo kabisa. Mara nyingi ni pale koili zinapokuwa zimekingamana. Weka alama kwa penseli hapo hapo, ndipo utoboe.