Namna ya Kuupima Ukiri wa Imani kwa Maisha ya Ufuasi

Anayetaka kujua kama ukiri wake wa imani ni wa kweli asianze na siku aliyoinua mkono mkutanoni, wala machozi aliyoyatoa siku hiyo. Aanze na watu anaoishi nao na kufanya nao biashara. Bwana Yesu aliweka kipimo hicho mwenyewe katika Mathayo 7:21, alipotangaza kwamba si kila amwitaye Bwana atauingia ufalme wa mbinguni, bali ni yeye ayafanyaye mapenzi ya Baba. Inaogopesha kwamba wale anaowakataa katika aya zinazofuata walikuwa wamefanya unabii na kutoa pepo kwa jina lake, mambo ambayo makanisa yetu mengi yangeyahesabu kuwa ushahidi tosha.

Tenga jioni moja tulivu, usome Luka 6:46 hadi 49 polepole, kisha uandike majina ya uliowakopa, uliowadhulumu, uliowasengenya na usiosalimiana nao. Usiandike tu kwamba umekosa, kwa kuwa toba ya jumla haimgharimu mtu chochote. Muuza maharage wa Busia, kwa mfano, alitazame kopo lake la kupimia: ikiwa kitako chake kimebonyezwa kwa ndani ili lijae upesi, basi imani yake inajaribiwa hapo, mbele ya mteja asiyejua kitu. Akilitupa na kununua jingine, ameanza kufuata. Akiendelea kulitumia huku akiongeza sadaka ili dhamiri itulie, bado hajaanza.

Kisha rudisha. Hatua hii imesahaulika sana, nami naona kusahaulika kwake kumetudhuru kuliko uchache wa mikutano ya injili. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao mizizi yake ni pamoja na kukutana kwa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Mwingereza Joe Church jijini Kampala mwaka 1929, ulijulikana kwa watu waliotaja dhambi zao waziwazi na kurudisha mali walizoiba. Walokole wa kwanza, yaani waumini wa uamsho huo, walitambuliwa na majirani kwa hilo kabla ya kutambuliwa kwa nyimbo zao. Zakayo alifanya vivyo hivyo katika Luka 19, akaahidi kulipa mara nne. Hakuwa ananunua wokovu, maana Waefeso 2:8 hadi 10 inaeleza kwamba tunaokolewa kwa neema, na matendo mema hufuata.

Mtafute pia ndugu aliyekomaa katika imani, mwenye ruhusa ya kukuuliza maswali magumu, na uwaulize walio nyumbani kwako wanakuonaje unapokasirika. Majibu yao yasikilize bila kujitetea.

Usichanganye kujikwaa na unafiki. Petro alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu, akarudi. Mwanafunzi wa kweli huanguka, lakini hapati raha palepale alipoangukia. Anayepaswa kuogopa ni yule aliyezoea dhambi yake na ambaye, akionywa, hutaja tarehe aliyookoka. Mtu huyo asikimbilie kurudia sala ya toba katika kila mkutano mkubwa unaofika mjini, bali aitaje dhambi hiyo kwa jina mbele za Mungu na mbele ya mchungaji wake, kisha aiache.

Wachungaji nao wasitosheke na hesabu ya mikono iliyoinuliwa. Wawatembelee waongofu wapya makwao, wawafundishe kwa miezi kadhaa, na kabla ya ubatizo wawaulize ni nini wamekiacha na ni nani wamepatana naye. Muongofu mwenye deni kubwa asiloweza kulilipa kwa mkupuo mmoja na asaidiwe kumwendea mwenye mali pamoja na mzee wa kanisa, wakubaliane kiasi cha kulipa kila mwezi, na mzee huyo afuatilie mpaka deni liishe.