Kumuaga Mpendwa kwa Namna Inayomfanana: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mazishi

Kabla hamjachagua rangi ya maua au kuagiza fulana zenye picha, muoneni mchungaji au paroko, maana ibada ni yake. Ulizeni wasifu unasomwa saa ngapi, salamu wanaruhusiwa wangapi, na kama wimbo wa dansi alioupenda marehemu utapigwa kanisani au ubaki wa nyumbani. Kamati nyingi huuliza ratiba ikiwa imeshachapwa, kisha MC anabaki kuomba radhi kwenye kipaza sauti.

Kazi kubwa ni wasifu. Msimwachie mfiwa mmoja auandike usiku wa kuamkia mazishi. Wawekeni watu wawili: mmoja wa ukoo anayejua alikozaliwa, mwingine aliyeishi au kufanya naye kazi. Majina na tarehe vitoke kwenye vyeti, si kwenye kumbukumbu za watu, na hizo hizo ndizo apelekewe fundi wa msalaba kwa maandishi. Akitajiwa kwa simu, 1953 huishia kuwa 1963. Orodha ya wajane na watoto isomwe kwanza mbele ya wazee wa familia, wote wakiwepo. Mtoto anayegundua karibu na jeneza kwamba hakutajwa, hilo hatalisahau, na samahani ya baadaye haimfuti machozi.

Kurasa mbili za A4 kwa herufi za ukubwa wa 16 zinatosha. Kwa msomaji asiyekimbia ni kama dakika sita au saba. Shule na vyeo vipeni aya moja. Nafasi iliyobaki mpeni mtu mwenyewe: kikombe chake cha bati ambacho hakuna aliyethubutu kukinywea, mluzi aliopiga akifika getini. Waombolezaji wakisikia hayo, wanamwona. Awepo na msomaji wa akiba mwenye nakala mkononi, kwa sababu kilio kinaweza kumkaba wa kwanza.

Picha ya fremu isitoke kwenye kundi la WhatsApp. Huko hupunguzwa ukubwa, na ikikuzwa sura inakuwa na ukungu. Aliyeipiga aitume kama faili, au skanini ile ya karatasi. Kijitabu cha ratiba hukunjwa, kwa hiyo kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne: 4, 8 au 12. Mkileta tisa, tatu zitabaki tupu.

Muda upangeni kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kuzika. Watu 300 wakipita kwenye jeneza kwa mstari mmoja, kila mmoja sekunde nane, ni dakika 40. Wakipita pande zote mbili ni 20. Salamu ziwe nne tu, yaani familia, kanisa, kazini na majirani, kila moja dakika tatu. Mkiruhusu wa tano, wa tisa atadai haki yake.

Nguo za kumvika zifike mochwari siku moja kabla, zimepigwa pasi, zote kwenye mfuko mmoja wenye jina lake. Kibali cha mazishi akibebe mtu mmoja anayejulikana, hasa mwili unaposafirishwa mkoani.

Mwisho, jeneza lipimwe pamoja na vishikio vyake, na vipimo vitumwe kwa wachimbaji kabla hawajaanza. Kaburi likichimbwa kwa upana wa sanduku bila vishikio, jeneza hukwama katikati, na jembe linarudi kazini mama wa marehemu akiwa amesimama pale pale.