Kabla hujaandika "myself", angalia haya kwanza

Kinachotuponza sana sisi kwenye Kiingereza ni hii "ji" yetu, maana tunaiweka kila sehemu, tunajifunza, tunajisikia, tunajiandaa, tunajificha, afu ukianza kuandika Kiingereza mkono unakimbilia myself wenyewe. Kwa hiyo kabla hujatuma hiyo meseji au imeili ya kazi, cheki kwanza: aliyefanya na aliyefanyiwa ni mtu yule yule? Kama ndio, mara nyingi uko salama. I cut myself, nimejikata. She blames herself, anajilaumu.

Sasa kuna vitenzi ambavyo kwetu vina ji na kwao havina, na hivi bora uvishike kichwani mapema. Najisikia vizuri ni I feel good, basi, ile I feel myself good itoe kabisa. Najifunza ni I'm learning, ila kama umejifunza bila mwalimu hapo sema I taught myself. Hata kunawa, kunyoa ndevu na kuvaa, ambavyo kwetu pia havihitaji ji, wenyewe wanasema tu I washed, I shaved, I got dressed, na ukisikia he dressed himself mara nyingi anaongelewa mtoto au mgonjwa ambaye kuvaa bila kusaidiwa ni hatua kubwa. Mi hii naipenda sana, neno moja dogo na ushajua huyo mtu yuko kwenye hali gani.

Halafu kuna kinyume chake. Enjoy inataka useme umefurahia nini, the music, the film, na kama huna cha kutaja ndo unaweka I enjoyed myself, maana I enjoyed peke yake inaning'inia. Na help yourself usiitafsiri neno kwa neno jamani, kujisaidia kwetu ni habari ya chooni, wao wanamaanisha karibu, jihudumie, chukua unachotaka.

Wakiwa wengi ni yourselves, ourselves, themselves. Na hapo hapo jiulize kama ulitaka "ji" au "ana", kwa sababu they blamed themselves ni walijilaumu, they blamed each other ni walilaumiana, ukichanganya hizo mbili umegeuza kesi nzima.

Ukitaka kusema peke yangu ni by myself, ukitaka kusisitiza kwamba ni wewe uliyefanya ni I did it myself, nimefanya mwenyewe.

La mwisho ni la maofisini, watu wanaandika please contact myself wakidhani ndo heshima. Andika contact me, ina heshima yake yote. Na ukikwama kwenye send it to John and myself, mtoe John kwanza uone kinachobaki: send it to me. Sasa mrudishe John, inakuwa send it to John and me.